Namna ya Kumpima Kocha Mshindi wa Kikapu cha Vyuo Vikuu vya Marekani Aliyevunja Kanuni

Mwaka 2013 Ukumbi wa Heshima wa mpira wa kikapu ulioko Springfield, Massachusetts, uliwapokea katika hafla moja Jerry Tarkanian na Rick Pitino. Tarkanian alikuwa ametumia zaidi ya miongo miwili akivutana na NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu vya Marekani. Pitino, aliyekuwa ametwaa ubingwa na Louisville miezi michache tu kabla ya hafla hiyo, alikuja kuuona ubingwa huohuo ukifutwa mwezi Februari 2018. Jim Boeheim wa Syracuse na Jim Calhoun wa Connecticut waliingia ukumbini humo pamoja mwaka 2005, na baadaye wote wawili walifungiwa mechi. Larry Brown, aliyeingia mwaka 2002, aliwahi kuwa kocha mkuu wa vyuo vikuu vitatu, na vyote vitatu viliadhibiwa kwa mambo yaliyotokea wakati wake. Anayetaka kumjua kocha kwa kuhesabu vikombe hatafika mbali, na anayehesabu adhabu peke yake naye atapotea, kwa kuwa orodha hizo mbili zimejaa majina yaleyale.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu asiye na budi kuamua: mzazi ambaye kocha ameketi sebuleni kwake akimtaka mwanawe, kijana mwenyewe anayewaniwa, mwandishi wa habari anayetaka kutenda haki, au msimamizi wa chuo anayefikiria kumwajiri mtu mwenye doa. Kitabu cha kanuni za NCAA ni kinene, na makosa madogomadogo huripotiwa kila mwaka na vyuo vyenyewe. Kwa hiyo swali la kama kanuni ilivunjwa halitoshi kumtenganisha kocha mmoja na mwingine. Maswali yenye uzito ni matatu: ni nani aliyeumia, ni nani aliyebeba adhabu, na kocha alisema nini siku alipoulizwa.

Isome kanuni kama ilivyokuwa siku ile

Kabla ya kumhukumu mtu, tafuta kujua kanuni aliyoivunja ilikuwa inalinda nini, na kama bado ipo. Kelvin Sampson na wasaidizi wake, wakiwa Oklahoma, walipiga simu 577 zisizoruhusiwa kwa wachezaji wa sekondari kati ya mwaka 2000 na 2004. Alihamia Indiana akiwa chini ya vikwazo vya simu, simu za namna ileile zikaendelea, na Februari 2008 akaondoka. NCAA ilimwekea amri ya miaka mitano ambayo kwa vitendo ilimweka nje ya vyuo. Mwaka 2012, amri hiyo ikiwa bado inamfunga, NCAA yenyewe ililegeza kanuni na kuruhusu makocha wa kikapu cha wanaume wapige simu na kutuma ujumbe bila ukomo kwa vijana waliokwisha kumaliza mwaka wa pili wa sekondari. Sampson alirudi vyuoni mwaka 2014 kuifundisha Houston, na mwaka 2025 aliifikisha kwenye fainali ya taifa.

Mtu akiisoma habari hiyo juujuu atasema kwamba Sampson aliadhibiwa kwa jambo ambalo leo si kosa. Uamuzi wa mwaka 2008, hata hivyo, haukuishia kwenye simu: ulimtia hatiani pia kwa kuwapa wachunguzi maelezo yasiyo ya kweli, na ulizingatia kwamba alirudia kitu alichokuwa ameadhibiwa nacho tayari. Hesabu ya simu imepitwa na wakati, ila hayo mawili hayajapitwa.

Pesa nazo zipimwe hivyohivyo. Todd Bozeman aliondoka California mwaka 1996 na kufungiwa miaka minane kwa kuwalipa wazazi wa mchezaji dola 30,000. Tangu tarehe 1 Julai 2021 wachezaji wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura zao, na kuanzia msimu wa 2025-26 chuo kinaweza kuwagawia wanamichezo wake fedha moja kwa moja, ukomo wa msimu huo wa kwanza ukiwa takriban dola milioni 20.5. Sioni haya kusema kwamba kanuni ya zamani ilikuwa kali kwa vijana, wengi wao kutoka familia zenye uhitaji, huku makocha wao wakilipwa mamilioni. Hata hivyo, usiitumie hoja hiyo kumsafisha kila aliyelipa kwa siri. Aliyelipa kwa siri aliwashinda wenzake waliotii kanuni, na alimfanya kijana wa miaka kumi na minane kuwa mshirika wa siri ambayo, ikifichuka, ingemnyima yeye haki ya kucheza. Yape malipo yenyewe uzito mdogo. Siri na mzigo wake vipe uzito zaidi.

Soma uamuzi, usisome kichwa cha habari

Maamuzi ya kamati ya makosa ya NCAA kuhusu kesi kubwa huchapishwa hadharani, na kurasa zake zina maelezo ambayo gazeti haliyagusi. Angalia ngazi ya kosa: ngazi ya kwanza ni nzito kabisa, ya tatu ni makosa madogo yasiyoleta faida kubwa. Tofautisha adhabu pia. Kufutiwa ushindi kunaondoa matokeo kwenye rekodi ya mkosaji bila kumpa aliyeshindwa chochote, na ndiyo maana Michigan, iliyofungwa na Louisville kwenye fainali ya 2013, haikupewa kombe. Amri ya kutoa sababu, kama ile aliyowekewa Sampson, humfuata kocha mwenyewe popote aendako: chuo kinachotaka kumwajiri wakati amri haijaisha lazima kijieleze mbele ya kamati kwa nini vikwazo vyake visiendelee, na vyuo vingi huona ni afadhali kumwacha.

Wakati huohuo, usiichukue NCAA kuwa mahakama. Haina uwezo wa kisheria wa kumlazimisha mtu aje kutoa ushahidi wala wa kudai nyaraka za benki, na mwaka 1988 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Tarkanian, iliamua kwa majaji 5 dhidi ya 4 kwamba chama hicho si chombo cha serikali, hivyo hakifungwi na matakwa ya katiba kuhusu haki ya kusikilizwa. Miaka kumi baadaye chama kilimlipa Tarkanian dola milioni 2.5 ili kumaliza kesi nyingine aliyokuwa amekifungulia. Kocha ambaye hakutiwa hatiani huenda hakupatikana tu na ushahidi, na aliyetiwa hatiani huenda alionewa kwa kiasi fulani. Ndiyo sababu unapaswa kusoma ukweli uliothibitishwa, kisha uamue mwenyewe.

Tafuta aliyeumia

Hapa ndipo ninapokuomba utumie muda wako mwingi, kwa kuwa ndipo makosa yanayofanana kwa jina yanapoachana kabisa. Chukua udanganyifu wa masomo. Mwezi Machi 1999, siku moja kabla Minnesota haijacheza mechi yake ya kwanza ya mashindano ya taifa, gazeti la St. Paul Pioneer Press lilichapisha ushuhuda wa mfanyakazi wa zamani wa kitengo cha masomo, aliyesema kwamba kwa miaka kadhaa aliwaandikia wachezaji wapatao 20 kazi za darasani karibu 400. Wachezaji wanne walisimamishwa, na timu ikatolewa na Gonzaga kesho yake. Kocha Clem Haskins, aliyeipeleka Minnesota hadi nusu fainali ya taifa mwaka 1997, aliondoka na malipo ya dola milioni 1.5, ingawa baadaye chuo kilimshitaki naye akarudisha dola 815,000. Mafanikio ya 1997 yalifutwa.

Fikiria kilichofanyika kwa vijana hao. Ufadhili wa masomo ndiyo malipo waliyoahidiwa kwa jasho lao, na malipo hayo ni elimu. Mtu anapoandikiwa kazi miaka mitatu au minne, anatoka chuoni akiwa hajalipwa. Kwangu mimi kosa hili ni zito kuliko bahasha ya fedha, maana aliyepewa bahasha alipata kitu, na huyu alinyang'anywa.

Georgia ilikuwa na toleo la hali hiyohiyo lililo rahisi zaidi kulitazama kwa karibu. Mwaka 2001, Jim Harrick akiwa kocha mkuu, mwanawe ambaye pia alikuwa msaidizi wake alifundisha somo la kanuni na mbinu za kufundisha kikapu. Mtihani wa mwisho ulikuwa na maswali 20 ya kuchagua jibu. Swali mojawapo liliuliza mpira wa pointi tatu una thamani ya pointi ngapi. Wachezaji watatu walipewa alama A bila kulazimika kuhudhuria darasa wala kufanya mitihani. Mwaka 2003 chuo kiliiondoa timu yake kwenye mashindano yote ya mwisho wa msimu. Harrick alikuwa bingwa wa taifa mwaka 1995 akiwa UCLA, na UCLA ilimfukuza mwaka uliofuata kwa kughushi maelezo ya bili ya chakula cha jioni na wachezaji waliokuwa wanawaniwa. Waliomwajiri baada ya hapo walikuwa na taarifa hiyo mkononi.

Kisha kuna Louisville, ambako mfanyakazi mmoja wa timu alipanga na kulipia wanawake wacheze uchi na kufanya ngono na wachezaji na vijana waliokuja kukitembelea chuo, baadhi yao wakiwa bado hawajafikisha umri wa utu uzima. Mambo hayo yalitokea ndani ya bweni la wachezaji kati ya 2010 na 2014. Ushindi 123 ulifutwa pamoja na ubingwa wa 2013, na ilikuwa mara ya kwanza ubingwa wa kikapu cha wanaume kufutwa. Mzazi alimtuma mtoto kutazama chuo. Mtoto alirudi nyumbani na siri ambayo mtu mzima alimbebesha. Ukilinganisha kesi hiyo na simu 577 za Oklahoma, utaona kwamba neno moja, yaani ukiukaji, linafunika mambo yasiyofanana hata kidogo.

Tazama aliyebeba mzigo

Pitino alisema hakujua lolote kuhusu bweni lile. Inawezekana. NCAA ilimlaumu kwa kushindwa kumsimamia mtu wake. Tarehe 26 Septemba 2017 waendesha mashtaka wa serikali kuu huko New York walitangaza kesi ya rushwa iliyowagusa makocha wasaidizi wanne, kutoka Auburn, Oklahoma State, Arizona na Southern California, pamoja na watu wa kampuni ya Adidas na mawakala. Katika kesi hiyo lilikuwamo dai la dola 100,000 kwa familia ya kijana aliyekuwa akienda Louisville, na Pitino akapoteza kazi mwezi uliofuata. Miaka mitano baadaye jopo huru halikumpa adhabu. Hakuna kocha mkuu hata mmoja aliyeshitakiwa jinai. Wasaidizi wote wanne, ambao wote ni watu weusi, walikiri makosa, na wawili kati yao walifungwa miezi mitatu.

Unapokutana na kesi ya namna hii, usikubali kuridhika na jibu la kwamba bosi hakujua. Uliza nani alimwajiri msaidizi huyo na kwa sifa gani, alikuwa akiripoti kwa nani, na timu ilipata nini kutokana na alichofanya. Msaidizi anayetunukiwa kwa kuleta wachezaji na asiyeulizwa amewaletaje amekwisha kuelekezwa la kufanya. NCAA yenyewe imekuja kulikubali hilo: tangu Januari 2023 kocha mkuu anawajibika kwa makosa ya watu wake bila kuweza kujitetea kwamba hakujua, na utetezi wake huzingatiwa katika kupanga adhabu tu.

John Calipari ni mtihani mgumu wa kipengele hiki. Akiwa kocha wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, chuo hicho kilifutiwa nusu fainali ya 1996 kwa sababu nyota wake alipokea fedha za mawakala, na Memphis, alikofundisha baadaye, ikafutiwa ushindi 38 wa msimu wa 2007-08 kwa sababu alama za mtihani wa kujiunga na chuo za mchezaji wake zilibatilishwa. Calipari hakutiwa hatiani katika kesi yoyote kati ya hizo mbili, na haki inadai hilo lisemwe waziwazi. Haki hiyohiyo inaruhusu mzazi amuulize alibadilisha nini katika usimamizi wake baada ya mara ya kwanza. Swali kama hilo lingefaa hata kwa John Wooden, aliyeheshimika kuliko wote na kutwaa mataji 10: UCLA iliadhibiwa mwaka 1981, miaka sita baada ya yeye kustaafu, kwa sababu ya mahusiano na tajiri mpenzi wa timu, Sam Gilbert, aliyekuwa karibu na wachezaji tangu enzi za Wooden. Wooden hakuwahi kuadhibiwa.

Alisema nini alipoulizwa

Mwezi Juni 2010 wachunguzi wa NCAA walimwekea Bruce Pearl, kocha wa Tennessee, picha mezani. Ilimwonyesha yeye na kijana wa sekondari aliyekuwa akiwaniwa, katika karamu ya nyama choma ya mwaka 2008 ambayo kijana huyo hakuruhusiwa kuhudhuria. Wakamuuliza picha ilipigwa wapi. Akajibu kwamba hajui. Ilikuwa nyumbani kwake.

Karamu yenyewe ilikuwa kosa dogo, ambalo lingeisha kwa barua na onyo. Kilichomfukuzisha kazi Machi 2011 na kumletea amri ya miaka mitatu ni jibu lile, pamoja na simu aliyompigia baba wa kijana baada ya mahojiano. Mtu huyohuyo, akiwa msaidizi Iowa mwaka 1989, alirekodi mazungumzo ya simu na kijana aliyekwenda Illinois, kisha akaikabidhi NCAA kanda hiyo. Kwa hiyo alijua vizuri uchunguzi ni kitu gani. Lazima pia iandikwe kwa upande wake kwamba miezi mitatu baada ya mahojiano alikiri hadharani huku akilia, na kwamba baadaye aliifikisha Auburn nusu fainali ya taifa mwaka 2019 na 2025. Ukipima kukiri kwa mtu, angalia kama kulitangulia kubanwa au kulifuata. Larry Brown, alipoulizwa akiwa Southern Methodist kuhusu kazi za mtandaoni ambazo mfanyakazi wa timu alimfanyia mchezaji, alikana kwanza, kisha akarekebisha kauli yake ndani ya mahojiano yaleyale. Hiyo ni nafuu kidogo, ingawa alikuwa amekaa na taarifa hiyo zaidi ya mwezi bila kumwambia mtu.

Adhabu ilipofika, kocha alikuwa wapi?

Kesi hiyo ya Southern Methodist iliiondoa timu kwenye mashindano yote ya mwisho wa msimu wa 2015-16. Timu ilianza msimu kwa kushinda mechi 18 mfululizo, ikijua kwamba hakuna mahali pa kwenda. Kansas iliutwaa ubingwa wa 1988 chini ya Brown. Yeye akaenda San Antonio kufundisha timu ya kulipwa, na kikosi kilichobaki kikazuiwa kutetea taji mwaka 1989. Connecticut ilikuwa bingwa mwaka 2011, Calhoun akastaafu Septemba 2012, na wachezaji wa msimu wa 2013 wakafungiwa kwa sababu ya matokeo mabaya ya masomo ya waliowatangulia. Kwa hiyo weka kalenda mbili sambamba: miaka ambayo kosa lilitendeka, na miaka ambayo adhabu iliwaangukia watu. Majina yaliyo kwenye kalenda ya pili ndiyo yatakayokuonyesha nani hasa alilipa.

Ukiwa wewe ndiye unayeombwa mtoto

Kwanza tafuta takwimu ya APR ya timu, kipimo cha NCAA cha maendeleo ya masomo chenye alama 1,000 ambacho huchapishwa kila mwaka. Timu iliyo chini ya 930 inaweza kuzuiwa kucheza mashindano ya taifa. Mwulize kocha ni wachezaji wangapi wa miaka minne iliyopita walihitimu na katika fani zipi, na umsikilize kama anawataja kwa majina. Kila ahadi ya fedha iwe kwenye karatasi, ikionyesha nani analipa, lini, na itakuwaje mtoto akiumia goti au kocha akihama, kisha mwanasheria asiyelipwa na chuo aisome. Mtu yeyote wa katikati anayesema atakusaidieni kufika kwa kocha, mwulize mbele ya kocha nani anamlipa. Zungumza na kocha msaidizi peke yake, na zungumza na mchezaji aliyehama timu hiyo, kwa sababu hao wawili wanajua yasiyosemwa sebuleni.

Na mwulize kocha mkuu ni nani kwenye benchi lake anayeweza kumkatalia, na mara ya mwisho alimkatalia nini. Mwaka 2003, baada ya mchezaji wa Baylor kuuawa na mwenzake wa timu, kocha Dave Bliss aliwataka wachezaji na wasaidizi wawaambie wachunguzi kwamba marehemu alijilipia karo kwa kuuza dawa za kulevya, ili isijulikane kwamba yeye Bliss ndiye aliyekuwa akimlipia. Kocha msaidizi kijana, Abar Rouse, aliweka kinasa sauti mfukoni na kurekodi mazungumzo hayo. Bliss alifungiwa miaka kumi, kisha baadaye akapata tena kazi ya ukocha mkuu katika chuo kidogo cha Kikristo huko Oklahoma. Kwa Rouse milango ya vyuo vikubwa ilifungwa, na makocha mashuhuri walisema hadharani kwamba wasingemwajiri mtu aliyemrekodi bosi wake. Mweleze kocha aliyeketi mbele yako kisa hicho, umwulize kama yeye angemwajiri Rouse, halafu unyamaze hadi atakapojibu.